Vidonge vya mbegu za zabibu, maji ya ndimu na uso wa mama wa sokoni

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 44, nauza vitunguu na nyanya pale Mbuyuni, Moshi, huu ni mwaka wa kumi na sita. Sijawahi kutumia mkorogo. Lakini tangu mwaka jana uso umenibadilika. Pembeni ya macho kuna mikunjo, na mashavuni yametokea madoa ya kahawia, shavu la kulia zaidi kuliko la kushoto. Kuna dada anapita sokoni na vidonge vya mbegu za zabibu. Anasema vina flavonoidi zinazoua seli zilizozeeka, na ngozi inarudi kuwa ya msichana. Chupa ya mwezi mmoja ni shilingi 90,000. Jirani yangu naye anasema nisipoteze hela, nipake maji ya ndimu kila asubuhi kabla ya kutoka, kwa kuwa flavonoidi ni zilezile. Nimeanza wiki iliyopita. Natumia pia dawa za presha. Nifuate lipi?"

Marahaba, dada yangu. Nakupa kwanza jibu fupi, maana najua hela hiyo ni ya mtaji: vidonge usinunue, na ndimu acha leo hii, usingoje kesho. Sasa tukae tuzungumze sababu, kwa kuwa yule dada hakukudanganya kila kitu. Ameshika kipande cha kweli, akakivuta mpaka pasipofika.

Flavonoidi ni kundi kubwa la kemikali zinazotengenezwa na mimea, zipo za maelfu ya aina. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya njano. Wewe unazishika kutwa nzima. Chukua maganda makavu ya vitunguu vyekundu, yaloweke kwenye maji ya moto, uone maji yanavyogeuka njano inayoelekea kahawia, na kitambaa cheupe ukikitumbukiza kinashika rangi. Sehemu kubwa ya rangi ile inatokana na flavonoidi iitwayo kwesetini pamoja na jamaa zake. Wekundu wa choya na weusi wa zambarau unatokana na kundi lingine, anthosianini. Ukali ule unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea unatokana na katekini na mazao yake.

Mmea unazitengeneza za nini? Tazama mwembe unapochipua. Majani machanga hutoka mekundu kama shaba, laini, yananing'inia, kisha yakikomaa yanakuwa ya kijani. Wekundu ule ni anthosianini, na mojawapo ya kazi zake ni kulinda jani changa dhidi ya mwanga mkali kabla mitambo yake ya ndani haijakamilika. Mti hauwezi kukimbilia kivulini, kwa hiyo unajitengenezea kivuli chake. Na angalia unakiweka wapi: kwenye ngozi ya nje, pale jua linapopiga kwanza. Ndiyo maana maganda na tabaka za nje za kitunguu zina kwesetini nyingi kuliko kiini chake. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Flavonoidi zenyewe si habari mpya. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata, pamoja na wenzake walizitoa kwenye limau na pilipili, wakaona zinasaidia vimishipa vidogo vya damu, wakaziita vitamini P. Jina hilo baadaye liliondolewa. Mtu akikosa vitamini C fizi zinavuja damu na vidonda havifungi, lakini hakuna ugonjwa wa upungufu uliowahi kuonekana kwa kukosa flavonoidi. Kwa hiyo mtu akikwambia ngozi yako "ina upungufu wa flavonoidi", jua hilo halipo.

Sasa ngozi yako. Nakuomba ufanye jambo moja nyumbani ukiwa peke yako. Kunja mkono wa gauni mpaka juu, utazame ngozi ya ndani ya mkono karibu na kwapa, kisha utazame ya nje ya mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Mikono yote imezaliwa siku moja, ina damu moja na inakula chakula kimoja. Tofauti utakayoiona hapo, ulaini huku na ukavu na madoa kule, ni kazi ya jua. Umri peke yake ni ile ngozi ya karibu na kwapa. Na shavu lako la kulia kuzidi la kushoto linanifanya nikuulize umekaa upande gani pale mezani kwako, na jua la mchana linakujia kutokea wapi. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule wa dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito ya mzee sana, na wa kulia ulikuwa wa kawaida. Kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo ukipanda daladala mtazame dereva mkono ule anaouegemeza dirishani.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka lenye nyuzi za kolajeni, zimesukwa kama kamba za mkonge, ndizo zinazoifanya ngozi ikaze. Miale ya urujuanimno ya jua iko ya aina mbili inayotuhusu. Ile inayoitwa B huishia zaidi juu na ndiyo inayounguza. Ile ya A huzama mpaka kwenye kolajeni, na inapenya hata kioo cha dirisha. Ikifika huko huzalisha chembe huria, yaani kemikali kali zinazoshambulia kilicho karibu nazo. Seli hupokea chembe hizo kama taarifa ya hatari, zikaanza kutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, na papo hapo zikapunguza kutengeneza mpya. Siku moja si kitu. Miaka kumi na sita ya kukaa mezani kuanzia asubuhi ni kitu. Baadhi ya seli zikiharibika sana huacha kugawanyika lakini hazifi, zinabaki palepale zikitoa kemikali za uvimbe zinazosumbua seli jirani. Hizo ndizo "seli zilizozeeka" alizokutajia yule dada. Zipo kweli.

Unaweza kusema, daktari, mimi ni mweusi, jua linanifanya nini? Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi yetu, inatusaidia sana. Utafiti wa mwaka 1979 uliopima vipande vya ngozi ulikadiria kwamba ngozi ya juu ya mtu mweusi inakinga miale ya B kwa kiwango cha 13 hivi, na ya mzungu kama 3, kwa kipimo kilekile cha SPF kinachoandikwa kwenye losheni ya jua. Ndiyo maana mikunjo kwetu huchelewa. Lakini 13 si ukuta, na kwa miale ya A kinga ni ndogo zaidi. Nasi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Kila unapopanda mita 1,000 miale hii huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo mtu wa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, anapigwa kuliko wewe wa Moshi. Wala mawingu ya mwezi wa saba yasikudanganye, mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale. Kisha ngozi yetu ina tabia yake: ikichokozwa, inajibu kwa rangi. Mzungu anazeeka kwa mikunjo kwanza, sisi mara nyingi tunaanza na madoa na rangi isiyolingana. Ndivyo ulivyoniandikia.

Flavonoidi zinaingia wapi hapo? Ukiweka seli za ngozi kwenye kisahani cha maabara, ukazipiga kwa miale, kisha ukaongeza kwesetini au katekini, vimeng'enya vile vya kukata kolajeni hupungua na uvimbe unatulia. Hilo limeonekana mara nyingi. Shida ni kiwango. Kilichomo kwenye kisahani mara nyingi ni kikubwa mno kuliko kinachoweza kupatikana kwenye damu ya binadamu. Ukimeza flavonoidi, utumbo unafyonza sehemu tu, ini linazibadilisha haraka, bakteria wa tumbo wanavunja zilizobaki, na figo zinatoa nyingi ndani ya saa chache. Kinachofika kwenye ngozi ya uso ni kidogo na kimeshabadilika umbo. Kwa hiyo ile picha ya flavonoidi kupita mwilini zikifagia sumu kama mfagizi wa soko si sahihi. Wengi wetu sasa tunaona zinafanya kazi kwa namna nyingine: zinaigutusha seli kidogo, nayo inaamsha kinga zake yenyewe. Huo ni msaada mdogo wa kila siku. Wa kurudisha ujana haupo.

Na kwa watu halisi? Hapa nitakuwa mkweli pande zote mbili. Ujerumani, mwaka 2006, wanawake 24 walikunywa kakao kwa wiki 12. Waliopata yenye flavanoli nyingi (ni jamii ya flavonoidi, katekini imo humo), miligramu 326 kwa siku, ngozi yao ilipopigwa miale ilikuwa nyekundu kwa robo pungufu kuliko mwanzo. Korea Kusini, mwaka 2016, wanawake wapatao 60 wenye mikunjo walitumia kakao ya aina hiyo kwa miezi sita, na mikunjo ikapungua kidogo, kwa kiasi cha kupimwa kwa mashine. Ni habari njema ndogo. Lakini utafiti wa Kanada wa chokoleti yenye flavanoli nyingi haukuona kinga yoyote ya jua. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliohusisha wanawake 56, baadhi wakimeza vidonge vya chai ya kijani mara mbili kwa siku kwa miaka miwili mizima, haukuona tofauti ya maana katika uharibifu wa jua kati yao na wenzao waliopewa vidonge bandia. Miaka miwili, dada. Zidisha 90,000 kwa miezi 24 uone.

Mbegu za zabibu zimepata jina kwa sababu nyingine. Mwaka 2021 wanasayansi wa China na wenzao wa nje walitangaza kwamba kemikali moja kutoka kwenye mbegu hizo, ya ukoo wa flavonoidi, iliua seli zilizozeeka kwa panya, na panya wazee wakaongezewa maisha. Mimi niliisoma kwa furaha, ni kazi ya maana. Lakini ilikuwa kemikali iliyosafishwa, kwa panya, na hakuna aliyepima mikunjo ya mama wa miaka 44. Chupa ya sokoni haikuambii kemikali hiyo imo kiasi gani, kama imo. Kutoka kwa panya yule mpaka shavu lako kuna safari ndefu ambayo bado haijatembewa.

Kuna na jambo la usalama, ndilo linanifanya nikuzuie kwa sauti kubwa zaidi. Flavonoidi kwenye chakula hazina shida, lakini zikikamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge zinakuwa dawa, na dawa ina madhara. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba katekini ya chai ya kijani ikifika miligramu 800 kwa siku kwa njia ya vidonge, ini linaanza kuonyesha dalili za kuumia. Vidonge vya namna hii vinaweza pia kugongana na dawa za hospitali, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini. Na kwa kuwa una presha, angalia balungi. Likiliwa pamoja na baadhi ya dawa za presha kama nifedipini, linazuia mwili kuivunja dawa, dawa inajaa kwenye damu kupita kiasi na presha inaweza kushuka ghafla. Mwanzoni watu waliishuku flavonoidi ya balungi, baadaye ikaonekana mkosaji mkubwa ni kemikali nyingine zilizomo humohumo, zinaitwa furanokumarini.

Hizo furanokumarini ndizo pia zinazonitia hofu na ndimu yako. Jirani amesema kweli kwamba ndimu ina flavonoidi. Hakukwambia ina na furanokumarini, na hizi zikiwa juu ya ngozi zikapigwa na miale ya A huunguza seli. Mtu anakamua ndimu asubuhi, anakwenda juani, siku mbili baadaye anapata wekundu au malengelenge, kisha doa jeusi lenye umbo lilelile la michirizi ya maji yalivyotiririka. Nimeona doa la namna hiyo likishuka kutoka kwenye pembe ya mdomo mpaka kidevuni, na lilichukua miezi kufifia. Wewe unapaka kabla ya kutoka, wakati ambao ni mbaya kuliko wote. Osha uso kwa maji na sabuni laini, usiisugue, na usirudie. Juu ya hapo, asidi ya ndimu inachubua ngozi, na ngozi yetu ikichubuka inajibu kwa rangi, nilikwambia.

Basi tufanye nini? Turudi kwenye jani la mwembe. Mti unaanza na kinga ya nje. Huko Nambour, Australia, watu 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Kundi moja liliambiwa lipake losheni ya jua kila siku, lingine lipake linavyopenda. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliopaka kila siku, ngozi yao haikuonyesha kuzeeka zaidi katika muda wote huo, na uzee wa ngozi yao ulikuwa asilimia 24 chini ya wa wenzao. Katika utafiti huohuo baadhi walimeza pia vidonge vya beta-karotini, ambayo si flavonoidi lakini inauzwa kwa maneno yaleyale ya kuzuia uzee. Kwa ujumla vidonge havikuleta tofauti. Wengi wa watu hao walikuwa weupe, kwa hiyo sichukui hiyo 24 nikuwekee wewe kama ilivyo. Lakini njia ya uharibifu ni moja.

Kwa hiyo 90,000 ile, ninakuomba uitumie hivi. Kwanza turubai zito juu ya meza yako, si nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, na ulishushe upande wa kulia mchana. Ukiweza, geuza kiti. Pili pama yenye ukingo mpana. Mtandio unaofunika nywele na kuacha mashavu wazi hausaidii uso. Kinachobaki nunua losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, na kwa sababu una madoa chagua yenye rangi ya ngozi, maana ile rangi yake, oksidi ya chuma, inazuia pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa kwa watu weusi. Paka ya kutosha, uso na shingo, ukirudia mchana. Hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kunatengenezwa mafuta ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Hayo tuwaachie wao, kwao ni uhai.

Flavonoidi uzile, kwa furaha na bila kununua chochote kipya. Kitunguu chekundu cha Mang'ola unachouza ni miongoni mwa vyakula vyenye kwesetini nyingi, na ya kitunguu inafyonzwa vizuri kuliko ya tufaha. Ukimenya, toa ganda kavu tu, usitupe na tabaka mbili za nyama kama wengi wanavyofanya. Ukichemsha, sehemu inahamia kwenye mchuzi, kwa hiyo mchuzi uliwe. Sukuma wiki, maharage mekundu, chungwa pamoja na ule utando mweupe, zambarau zikiwa msimu. Chai ya rangi ni sawa, ila kama damu yako ni pungufu usiinywe pamoja na chakula, ngoja kama saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Choya ni nzuri, lakini inayouzwa mjini imejaa sukari, na sukari ikizidi kwenye damu miaka na miaka hushikamana na kolajeni na kuifanya ngumu. Tengeneza yako, weka tangawizi, punguza sukari mpaka usikie uchachu. Na kwa kuwa nayo inashusha presha kidogo, iwe glasi moja, na umwambie anayekupimia.

Nimebakiza madoa, kwa sababu kwa barua siwezi kuyamaliza. Madoa ya kahawia kwenye mashavu yote mawili kwa mwanamke wa umri wako yanaweza kuwa melazma, inayochochewa na jua pamoja na homoni. Je, unatumia vidonge au sindano ya uzazi wa mpango? Na dawa yako ya presha ni ipi? Baadhi ya zile za kukojoza, kundi la thiazaidi, zinaifanya ngozi isikie jua zaidi. Usiiache dawa hata siku moja kwa ajili ya hili, presha ikipanda ni hatari kuliko doa lolote. Ulizia tu kama inaweza kubadilishwa. Dawa za madoa na mikunjo zenye ushahidi zipo, kama tretinoini, lakini hiyo haitumiki kwenye ujauzito, na ikipakwa ovyo inawasha na kuleta doa jipya. Usikubali krimu ya mtaani isiyo na lebo, nyingi zina steroidi au zebaki.

Njoo mapema zaidi, usingoje, kama kuna kidonda usoni au mdomoni kisichopona kwa mwezi, doa linalobadilika umbo, kukua au kutoa damu, doa jeusi kwenye unyayo, kiganja au mstari mpya chini ya ukucha, au wekundu unaokaa mashavuni na puani pamoja na maumivu ya viungo. Shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, hiyo si uzee wala uchafu, tutapima sukari.

Ukija, njoo na dawa zako za presha na kila kopo unalopaka, hata la mafuta ya kawaida. Usipake poda siku hiyo. Nitakukalisha karibu na dirisha nilitazame shavu la kulia kwa mwanga wa mchana, kisha la kushoto.